Saumu ya Samaki wa Pujini

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika ofisini Chake Chake kabla ya mwenye ufunguo. Nilivaa suruali fupi ya kaki niliyoshonewa na mjomba wangu, ambaye ufundi wake ulikuwa kanzu, kwa hiyo suruali ile ilikuwa na nafasi ya watu wawili. Zilikuwa zile siku za mwisho wa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimemaliza sekondari Unguja na nimerudi Pemba nikijiona msomi, na mfukoni nina barua inayosema nimeajiriwa kuwa mwanafunzi wa kazi katika idara ya afya. Nilichofahamu katika barua ile ni kwamba muda si mrefu nitavaa koti jeupe na kupiga watu sindano. Mama yangu alishawatangazia majirani kuwa mwanawe anakuwa daktari, na watu wawili walishanionesha majipu.

Aliyenipokea ni Bwana Inspekta, mkubwa wa mabwana afya wa kisiwa kizima. Alikuwa mtu wa Unguja mjini, mrefu, mkavu, mwenye mwavuli mweusi ambao sikuwahi kuuona umefunguliwa hata mvua ikinyesha. Aliutumia kuonyeshea uchafu. Alinitazama kutoka kichwani mpaka kwenye suruali, macho yakakaa hapo kidogo, kisha akaniuliza, "Kazi ya afya ni nini?"

"Kutibu wagonjwa, bwana."

"Wagonjwa ni wa daktari. Sisi tunashughulika na wazima." Akangoja mpaka nimeandika. "Na mtu mzima hana haja nawe. Mgonjwa atakukimbilia, atakubusu mkono. Mzima ukimwendea atakuuliza umefuata nini kwake. Utazoea."

Akanikabidhi vifaa vyangu: baiskeli, daftari, na kata nyeupe ya bati yenye mpini mrefu. Rangi ile nyeupe ina sababu yake. Viluwiluwi, yaani watoto wa mbu wanaoishi majini kabla ya kuota mbawa, ni vyeusi na vidogo kama punje ya ufuta, na huonekana vizuri juu ya cheupe. Unachota mara kumi katika sehemu mbalimbali za shimo au kisima, unahesabu, unaandika, unamwaga. Nikamuuliza Bwana Inspekta sindano nitapewa lini. Akaigonga ile kata kwa mwavuli wake, akasema, "Hiyo ndiyo sindano yako." Nikarudi nyumbani nikaificha nyuma ya mlango, na mama alipoiona akadhani nimeajiriwa kwa mpishi.

Nyinyi vijana mnaosoma shahada ya afya ya jamii siku hizi mna madarasa yenye feni na wahadhiri wa kila somo. Darasa letu lilikuwa baraza ya ofisi kila Alhamisi alasiri, na mhadhiri wetu alikuwa mmoja. Siku moja alinichukua sokoni, akaunyoosha mwavuli kwenye meza ya nyama na kuniuliza, "Nzi huyu anatoka wapi?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Mfuate." Nikafuata nzi asubuhi nzima katika soko la Chake, huku nikiinama na kuruka, na watu wazima wakinitazama kwa huruma. Mwanamke mmoja aliniwekea mkono kichwani akanisomea kitu. Lakini kufikia adhuhuri nilikuwa nimesimama mbele ya shimo la takataka za machinjioni, nyuma ya kichaka, ambapo nzi wote wale walikuwa na makao yao. Kitu hicho huitwa chanzo, na nyinyi mnakisoma katika sura nzima ya kitabu. Mimi nilikisoma kwa miguu.

Kituo changu cha kwanza nje ya mji kilikuwa Fundo, kile kisiwa cha wavuvi mbele ya Wete. Kazi yangu ilikuwa kuwashawishi wachimbe choo cha mfano: shimo refu, sakafu ya saruji, kifuniko, paa. Wafundo ni watu wasikivu. Walichimba, wakajenga, wakapaka chokaa, na nilipokwenda kukagua baada ya mwezi nilikuta choo kizuri kuliko nyumba zote za kijiji kikiwa na kufuli kubwa. Nikamuuliza mzee wao kwa nini kimefungwa. Akanijibu kwa upole, "Kisije kikachafuka, Bwana Afya. Tumekiweka akija mgeni." Mgeni mwenyewe nikawa mimi. Walinifungulia kwa heshima, wakanisubiri nje kundi zima, na nilipotoka wakakifunga tena. Niliandika katika ripoti kwamba choo kinatumika.

Bwana Inspekta alisoma ripoti ile, akaniuliza, "Kinatumika na nani?" Hakunigombeza. Alinirudishia karatasi yangu tu, na hilo liliniuma zaidi.

Hapo ndipo ilipokuja barua iliyonikosesha raha kwa miezi mitatu. Ilisema patapelekwa kijana mmoja kutoka Pemba kwenda ng'ambo kusomea shahada ya afya ya jamii. Mmoja tu, kisiwa kizima. Sharti lake ni kwamba kijana huyo achukue kijiji kimoja, apunguze viluwiluwi katika chanzo kikubwa cha hapo, na baada ya miezi mitatu mkubwa wake aende mwenyewe kuchota na kuhesabu. Jina langu lilikuwa la kwanza. La pili lilikuwa la kijana wa Wete, mpole, mwenye mwandiko mzuri, ambaye nilianza kumchukia bila sababu. Niliitaka shule ile kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji. Baba yangu alikufa nikiwa mdogo, mama alinisomesha kwa kusuka mikeka, na kila jioni aliniuliza ng'ambo ni baridi kiasi gani, ili ajue ashone nini.

Nikapewa Pujini. Chanzo cha mbu wa Pujini hakikuhitaji kufuatwa na mtu mbio. Kilikuwa birika la msikiti, lile tangi la mawe na chokaa wanamochota watu maji ya udhu, na lilikuwa limejaa viluwiluwi hata maji yakawa yanacheza yenyewe. Nilichota mara kumi nikahesabu mpaka macho yakauma. Kwenye madimbwi tulikuwa tukimwaga mafuta juu ya maji ili viluwiluwi vikose pumzi, lakini huwezi kumwaga mafuta katika maji ya udhu ukatoka msikitini na meno yako yote. Kwa birika la msikiti dawa ni samaki. Kuna visamaki vya mtoni, vidogo kama kidole cha mwisho, ambavyo hula viluwiluwi kwa shauku kubwa. Unatia thelathini, unakwenda zako, vinakufanyia kazi.

Nilimwendea Maalim Faki, imamu wa msikiti ule, mtu wa ndevu fupi na subira ndefu. Akanisikiliza, akasema samaki ni tohara, hapo hapana neno. Tatizo ni choo chake. Jambo hilo likajadiliwa Ijumaa mbili. Wengine walisema choo cha samaki ni najisi na maji yale hayafiki kiwango cha kutosha kuivumilia. Wengine walisema samaki hana choo cha kuonekana. Zilikuwa pia ni zama za siasa kali, kwa hiyo mtu mmoja akataka kujua samaki hawa ni wa chama gani. Maalim akachukua kitabu chake, akafunua, akasoma kimya kwa muda, halafu akasema, "Kimesamehewa, maadamu hakikubadilisha maji." Nilitaka kumkumbatia. Siku ya pili nikaleta samaki wangu katika ndoo nimeifunga nyuma ya baiskeli, nikawamimina, na kijiji kizima kikaja kuwatazama. Wakawaita samaki wa serikali. Mimi mwenyewe nikaitwa Bwana Mbu.

Baada ya wiki tatu nilirudi na kata yangu. Viluwiluwi vilikuwa vile vile. Baada ya mwezi mmoja na nusu vilikuwa vimezidi. Samaki wote wapo, hakuna aliyekufa, tena wamenenepa. Walielea pale wakiwa na matumbo yametuna, na viluwiluwi vinacheza mbele ya pua zao bila wasiwasi wowote. Nilisoma kila karatasi niliyokuwa nayo kuhusu samaki wale. Hapana palipoandikwa kuwa huweza kuwa wavivu. Niliandika ripoti ya katikati kwamba "matokeo bado hayajadhihirika," sentensi ambayo nimewaona wengi baada yangu wakiipenda.

Zilipobaki siku kumi na mbili nilikwenda Pujini asubuhi bila kumwarifu mtu, na hapo ndipo nilipomkuta Bi Time. Alikuwa mjane wa umri wa kama miaka hamsini, nyumba yake imeegemea ukuta wa msikiti, na ndiye aliyekuwa akivuta maji kisimani kila siku kulijaza birika kwa kutafuta thawabu. Alikuwa ameinama juu ya birika na kibakuli mkononi, anamwagia chicha la nazi kidogo kidogo, na samaki wangu wamejazana chini ya mkono wake kama kuku.

"Bi Time," nikasema, "unafanya nini?"

"Nawapa chakula wageni wako," akanijibu bila kugeuka. "Weye umewaleta, ukawamwaga humu, ukapanda baiskeli ukenda zako. Hujawachia hata konzi ya nchele. Ulitaka wale nini?"

"Wale viluwiluwi, Bi. Ndiyo kazi yao."

Hapo aligeuka. "Vile vidudu?" Akanitazama kama aliyesikia neno baya msikitini. "Ntu umlete ugenini, umlishe vidudu? Siye hatuna desturi hiyo."

Na hakuwa peke yake. Palikuwa na zamu. Nyumba hii Jumatatu, nyumba ile Jumanne, bumunda, mkate wa kumimina, wali wa jana, na Ijumaa samaki wa serikali walikuwa wakipata pilau. Miezi miwili na nusu nilikuwa nikipanda baiskeli kutoka Chake kuja kuhesabu viluwiluwi, na mara zote hizo sikumuuliza mtu yeyote wa Pujini wao wanawafanya nini samaki.

Nikamkalisha Bi Time juu ya ngazi ya msikiti, nikamweleza habari ya mbu tangu yai. Nilieleza yai linavyokuwa kiluwiluwi, kiluwiluwi kinavyoota mbawa, mbu anavyochukua homa kwa huyu na kumpelekea yule. Nilichora na mchangani. Alisikiliza vizuri, hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akasema, "Nimekufahamu, mwanangu. Lakini njaa je?"

Basi nguvu ziliniisha. Nilimwambia mambo ambayo sikuwa nimekusudia kumwambia mtu. "Bi Time, samaki hawa wakiendelea kushiba, mie nakosa shule. Bwana Inspekta anakuja baada ya siku kumi na mbili. Akikuta vidudu, anapelekwa mwengine ng'ambo, na mimi nabaki na kata hii mpaka nizeeke."

Bi Time akaweka kibakuli chini. "Sasa hilo mbona hukulisema siku zote?" akaniuliza, na alikuwa amekasirika kweli. "Waja hapa na mbu, mbu. Kumbe ni shule ya ntoto."

Ijumaa ile, baada ya sala, Maalim Faki alisimama akasema maneno ambayo bado nayasikia. "Jamaa, wale samaki wa serikali kuanzia leo wamefunga. Atakayewapa kitu amewafuturisha kabla ya wakati, na shule ya mtoto wa watu itakuwa shingoni mwake." Hapana aliyeuliza sababu. Nilikuwa nimewaletea sayansi miezi mitatu wakaipisha kwa adabu, na sasa kwa maneno haya mawili matatu hapakudondoka hata punje ya wali. Siku ya tatu samaki walianza kuzungukazunguka. Siku ya tano waliona kilicho mbele yao.

Bwana Inspekta alifika siku aliyosema, na mwavuli wake. Kwa ajabu, kila mtu wa Pujini alikuwa na shughuli karibu na msikiti asubuhi ile. Bi Time alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya birika na bakora mkononi, na watoto wote wamesimama mbali. Bwana Inspekta akachukua kata kwangu. Akachota mara moja, akaangalia, akamwaga. Mara ya pili. Mara ya tano. Mara ya kumi. Hakukuwa na hata kimoja. Akatia mkono ndani apapase ukuta kama maji yamebadilishwa jana, akakuta ukungu wa kijani uko pale pale, na kabla hajautoa mkono samaki wanne wakamng'ata vidole.

"Samaki hawa wamekonda," akasema.

"Wamefunga," akajibu Bi Time.

Bwana Inspekta akanitazama. Ningeweza kucheka nikabadilisha mazungumzo. Wallahi nilifikiri hivyo, na nikafikiri na choo cha Fundo vile vile. Nikamweleza yote pale pale, chicha, zamu, pilau ya Ijumaa na tangazo la Maalim. Alisikiliza huku anafuta vidole vyake kwa leso.

"Ripoti yako ya mwezi uliopita haikusema haya."

"Sikuyajua, bwana."

"Uliuliza?"

"Sikuuliza."

"Basi andika hilo kwanza. Hesabu iandike mwisho." Akapanda baiskeli yake akaondoka, na mimi nikarudi nyumbani nikamwambia mama asishone kitu.

Niliandika kama alivyosema. Wiki nne baadaye barua ilikuja, na jina lililokuwamo lilikuwa langu. Baadaye sana karani wa ofisi alinionesha aliloandika Bwana Inspekta chini ya ripoti yangu: "Kuhesabu anajua. Kuuliza ameanza." Kwa mtu yule, hiyo ilikuwa sawa na kupigiwa ngoma. Nilipokwenda Pujini kuaga, walinipa mikate ya njiani ya kutosha jeshi, na Bi Time akanishika mkono akasema, "Soma, mwanangu. Huku sisi tutashika."

Ng'ambo nilisoma miaka mitatu katika mji wenye baridi ambayo mama hakuweza kuishonea. Tulisoma takwimu, ambazo ni kuhesabu kwa jina kubwa. Tulisoma sheria za afya, maradhi ya kuambukiza, maziwa, nyama na hewa. Siku moja darasa zima tulipakiwa katika basi kwenda kutembezwa mahali yanaposafishwa maji ya vyoo vya mji mzima. Profesa wetu alivuta pumzi pale kama mtu aliyesimama shamba la mikarafuu wakati wa mavuno, akatuambia hapo ndipo ustaarabu ulipo. Nilimwandikia mama habari ile. Barua zangu zote alikuwa akisomewa mbele ya majirani, lakini ile nilisikia ilipotea.

Katika mtihani mmoja tuliulizwa: kijiji kina tangi la maji lenye mbu, eleza hatua utakazochukua. Wenzangu walianza na vipimo. Mimi niliandika: kwanza ulizia nani anawalisha samaki. Profesa akaniita chumbani kwake, karatasi yangu mkononi, na kuniuliza ni nani katika dunia hii anayelisha samaki wa tangi. Nikamwambia kwetu ni kila mtu. Nilipomsimulia alicheka mpaka akavua miwani, halafu akauliza, "Na uliwazuia vipi?"

"Niliwaambia nitakosa shule."

Akafikiri. "Hilo halimo katika kitabu," akasema, akanipa alama zangu zote, na kunisihi nisilitegemee tena.

Miaka ya sitini ilikuwa imeanza niliporudi, na shahada yangu imo ndani ya sanduku baina ya mashuka. Siku ya tatu tu nilipanda baiskeli kwenda Pujini. Nilitazama birika kabla ya kumsalimu mtu. Samaki walikuwapo, wengi kuliko nilivyowaacha, wembamba, wepesi, na maji meupe. Nilikuwa nimekuja na kata. Nilichota mara kumi, hakikutoka kitu. Nikasikia mlango, na Bi Time akatoka na kibakuli cha chicha.

"Shikamoo, Bi Time."

"Marahaba, mwanangu. Umerejea? Alhamdulillahi." Akanitazama nguo, akanitazama viatu. "Hawajala kitu tangu ulipoondoka. Watoto nimewacharaza, na nke wa jirani nimenuniana naye mwaka nzima kwa ajili ya kipande cha boflo. Haya nambie, shule umemaliza? Nimeshakuna nazi. Tuwafuturishe."

Ndipo nilipofahamu. Walifungisha samaki ili nipate shule, na hakuna aliyewaambia shule yenyewe inahesabiwa mpaka wapi. Wao walishika miaka mitatu. Miaka hiyo hiyo mimi nilikuwa nikijifunza namna ya kuielimisha jamii, kwa michoro, kwa mihadhara, kwa lugha nyepesi. Nilikuwa nayo shahada ya jambo hilo. Nikafungua mdomo wangu nimweleze tena Bi Time habari ya mbu tangu yai, nikakiangalia kile kibakuli, nikasema, "Bado, Bi. Pana mtihani mmoja umebaki."

Akarudi ndani na chicha lake.

Mwaka uliofuata akaniuliza tena. Nikamwambia ule wa mwaka ule ulikuwa mgumu. Mwaka wa tatu nikamwambia wamebadilisha maswali. Nilihamishwa Wete, nikahamishwa Mkoani, nikawa Bwana Afya wa wilaya, nikawa na watu chini yangu, na kila nikipita Pujini Bi Time hunitazama kwa huruma na kusema, "Masikini. Basi kichwa hakishiki hata kidogo?" Habari ikaenea kijijini kuwa Bwana Mbu ni mtu mzuri ila si mwerevu. Mwaka mmoja walinifanyia kisomo msikitini ili nifaulu. Ubani ulifukizwa, halua ilipakuliwa, Maalim Faki, Mungu amrehemu, aliomba kwa jina langu na la mama yangu, na mimi nimekaa katikati yao naitikia amin na jasho linanitoka. Dua ile nilikuwa naiogopa isije ikakubaliwa, na huku najua imekubaliwa zamani.

Nilistaafu baada ya miaka zaidi ya thelathini. Walinifanyia sherehe, mkubwa wa wizara akasimama akanisifu kuwa ni mwalimu wa jamii, mtu aliyekibadilisha kijiji kwa elimu, na akaitaja Pujini. Watu wakapiga makofi. Niliona haya ambayo sijapata kuiona, hata siku ya suruali ya mjomba. Nimefundisha vijana wengi, na wote nimewaambia jamii haidanganywi, na birika ambalo nasifiwa kwalo limelindwa umri wangu wote na uongo wangu. Kwa hiyo wiki ile ile nilikwenda kwa Bi Time nimwambie kweli, kabla mmoja wetu hajaondoka.

Alikuwa mkongwe, yu kitandani, jicho moja limekwisha. Nikakaa kwenye kigoda. Nikamwambia, "Bi Time, nimekuja kutaka radhi. Shule niliimaliza zamani. Siku ile niliyorejea, ulipotoka na kibakuli, nilikuwa nishamaliza."

"Najua," akasema.

"Umejua lini?"

"Wiki ile ile. Mamako, Mungu amrehemu, alikuja harusini hapa na ile karatasi yako kaifunga kwenye kanga, akimwonesha kila ntu. Na mie kanionesha mara mbili."

"Na kisomo je? Mlinisomea kisomo, Bi."

"Tulikusomea. Nikakutazama ulivyokaa ukiitikia amin. Nikasema, hebu nimuone huyu atafika wapi." Akacheka kidogo, akakohoa, nikampa maji.

"Sasa kama ulijua, mbona samaki hukuwapa chakula miaka yote hii?"

Alikunywa taratibu, akanirudishia kikombe. "Nilipoiona karatasi, nikajiuliza kwa nini umenificha. Nikakumbuka masika yale uliyokuwa ng'ambo, wajukuu zangu hawakuumwa homa. Masika ya pili vile vile. Nikatazama birika, nikawatazama watoto. Nikasema, kumbe yule ntoto na vidudu vyake alikuwa akisema kweli."

Miaka thelathini nilikuwa nikitamani kusikia maneno hayo kwa mtu mmoja tu. "Bi Time," nikamwambia, "kwa nini hukunambia?"

Akajivuta shuka, akanigeuzia mgongo apate kulala. "Ungetamba," akasema.